Mota Zote Mbili Zilipokaa Kimya

Mara ya kwanza nilidhani ni kidole changu kilichoteleza. Ilikuwa usiku, mvua inanyunya, nimeegesha kwenye mteremko. Nikanyanyua kile kiswichi cha breki ya maegesho, chenye herufi P ndani ya duara, kama nilivyozoea, nikaweka gia kwenye P, ile ya kuegesha, nikaachia pedali ya breki. Gari likashuka. Si sana, kama shubiri moja tu, kisha likagota kwenye kile chuma kinachofunga giaboksi na kutikisika lote kama punda aliyefika mwisho wa kamba. Nikakanyaga breki, nikanyanyua swichi tena. Hapo ndipo niliposikia sauti ambayo miaka yote sikuwahi kuitilia maanani: mguno mfupi wa mota huko nyuma, zziiit, na taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi. Nikafunga milango, nikaenda kulala.

Kulala ndiko kulikokuwa kosa langu la kwanza. Breki inayokubali mara ya pili ni breki iliyokwisha kukuambia jambo, nami nilijifanya sikusikia.

Sisi tuliojifunzia breki ya mkono ya kuvuta tulizoea kuisoma kwa kiganja. Ukivuta unasikia meno yakilia, unahisi waya ukikaza, na ukilegea unajua kwamba umelegea. Hii ya umeme, iliyoanza kuonekana kwenye magari ya kifahari kama BMW 7 Series ya mwaka 2001 na sasa imo hadi kwenye magari ya kawaida kabisa, haikupi kitu cha kushika. Kwenye magari mengi, kila kalipa, yaani kibano cha breki, ya gurudumu la nyuma imebeba mota ndogo yenye gia za kupunguza mwendo. Mota inazungusha skrubu, skrubu inasukuma pistoni, pedi zinabana diski. Kuna nyingine ambazo mota ni moja tu katikati na kazi yake ni kuvuta nyaya, lakini langu ni la mota mbili. Zikishabana, umeme unakatwa na breki inabaki imebana, kwa sababu skrubu ile hairudi nyuma yenyewe. Ni mpango mzuri, ila una upande wa pili: ikishindwa kupokea amri haibani, na ikiwa imebana haiachii.

Huo upande wa pili niliupata wiki chache baadaye. Asubuhi, nina safari, injini inanguruma, mguu uko juu ya breki kama inavyotakiwa, nabonyeza swichi chini. Kimya. Nabonyeza tena. Kimya. Nikajaribu kuondoka hivyo hivyo, maana gari langu likiwa zima huachia breki lenyewe ukifunga mkanda, ukafunga mlango na kugusa mafuta kidogo. Siku hiyo likagoma. Baadaye nilielewa kwamba kompyuta ikishaitilia shaka swichi, hujizuia kufanya chochote kwa hiari yake. Nilibonyeza mara kumi, nikahesabu. Mara ya kumi na moja, zziiit, likaachia. Kwenye dashibodi ukabaki ujumbe wa njano kwamba breki ya maegesho inahitaji kukaguliwa.

Karakana ya kwanza niliyokwenda ilichomeka mashine, ikasoma misimbo ya hitilafu, ikakuta neno "breki ya maegesho" na kutoa hukumu: mota zote mbili za nyuma zimekufa, zibadilishwe pamoja na kalipa zake. Walikuwa wachangamfu na wana vifaa vizuri, wala sisemi walitaka kunidanganya. Nadhani walisoma kichwa cha habari wakaacha habari yenyewe. Nilikuwa karibu kukubali. Kilichonizuia ni ukubwa wa hesabu, wala si busara.

Ndipo nikaenda kwa fundi wa umeme wa magari, mzee aliyekuwa akitutengenezea redio na taa tangu zamani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Gari lina homa gani?"

"Breki ya maegesho. Wameniambia mota za nyuma zimekufa."

"Ngapi?"

"Zote mbili."

"Siku moja?"

Nikanyamaza.

"Kijana wangu, ndugu wawili hawafi saa moja ila wamekula sumu kwenye sahani moja. Tuitafute sahani."

Alianza na betri. Nilishangaa, nikamwambia gari linawaka bila shida. Akasema mota hizi zinavuta umeme mwingi kwa ghafla, na betri iliyochoka inaweza kuwasha injini vizuri lakini ikaiyumbisha kompyuta ya breki mpaka ikaandika hitilafu za uongo. Kipimo kikasoma volti 12.5 gari likiwa limezimwa. Haikuwa betri. Kwenye fiuzi, langu lina fiuzi moja kwa kila upande. Zote zilikuwa nzima, na hata kama moja ingeungua, upande mmoja ungebaki unafanya kazi.

Kisha akafanya kile ambacho karakana ya kwanza haikufanya. Aliingia kwenye mashine yake hadi sehemu inayokuruhusu kuiamuru kompyuta ya gari moja kwa moja, bila kupitia swichi. Akasogea nyuma, akaniachia mashine mkononi, akainamisha sikio karibu na gurudumu.

"Bonyeza pale palipoandikwa kubana."

Zziiit.

"Achia."

Zziiit.

"Zote mbili," akasema. "Wagonjwa wako wazima."

Nilihisi aibu na furaha kwa pamoja. Mota zilikuwa hai, fiuzi hai, kompyuta hai. Kilichobaki ni yule mpeleka habari. Tukafungua ukurasa unaoonyesha hali ya swichi papo hapo: imenyanyuliwa, iko katikati, imebonyezwa. Nilipoinyanyua taratibu, maandishi yalibaki "katikati". Nilipoitikisa kidogo kwa ubavu yakaruka kwenye "imenyanyuliwa", halafu likaja neno nililolipenda kwa ukweli wake: "batili".

Hapa ndipo nilipojifunza kitu ambacho sikukitarajia. Mimi nilidhani swichi ile ni kama ya taa ya chumbani, inafunga njia na umeme unakwenda. Sivyo. Umeme wa mota haupiti pale kabisa. Swichi inapeleka neno tu, na kwa kuwa neno hilo linahusu breki, haliaminiwi kirahisi. Ndiyo maana kitufe chenye kazi mbili tu, kubana na kuachia, kinaingiwa na nyaya nyingi kuliko unavyotegemea. Ndani kuna maungio yanayofanya kazi kwa jozi: hili likifunga, lile lazima lifunguke. Kompyuta inalinganisha. Yakisema jambo moja, amri inatekelezwa. Yakipingana, inakataa, inaandika hitilafu na kuwasha taa. Ni kama mahakama inayotaka mashahidi wawili. Mmoja akianza kuropoka, kesi inaahirishwa hata kama mwingine anasema kweli.

Na shahidi wangu aliropoka kwa nini? Tulipobandua paneli na kuigeuza swichi, jibu lilikuwa pale, kahawia na linanata. Kishikio cha kikombe kipo nyuma ya swichi, juu kidogo. Wakati fulani, sikumbuki lini, kinywaji chenye sukari kilimwagika na kutambaa chini ya ukingo wa plastiki. Aliyebuni mpangilio huo, wa vimiminika jirani na umeme wa breki, bila shaka alikuwa na sababu zake. Tuliichukua swichi mezani, tukaibanua kwa kisu chembamba hadi kifuniko kikaachia. Visahani vya shaba vilikuwa na kutu ya kijani kwenye kingo, na kimoja kilikuwa na utando kama gundi iliyokauka. Kwa multimeta, kile kipimo cha umeme, jozi moja ilisoma ukinzani karibu na sifuri kila ilipofunga, kama inavyopaswa. Ile nyingine ilirukaruka, mara omu chache, mara hakuna mawasiliano kabisa, kulingana na jinsi ulivyoegemeza kidole. Magari mengine yana rezista, kipande cha kukinza umeme, ndani ya swichi, kwa hiyo usitafute sifuri kila mahali. Angalia mchoro wa gari lako.

Mzee alisema ibadilishwe. Mimi, kwa ubahili ambao siku hiyo niliuita ubunifu, nikasema tuisafishe. Alinitazama kwa muda, akanipa kopo la dawa ya kupulizia maungio ya umeme na brashi laini, akaenda kushughulika na gari lingine. Nikasafisha, nikakausha, nikarudisha. Ikafanya kazi kama mpya. Kwa siku tisa.

Siku ya kumi ilikataa tena, na nilipomrudia hakunicheka. Alisema utando unaoweza kuuona umeuondoa, lakini shaba iliyokwisha kuliwa na kutu hairudi. Kisha akaniambia jambo lililonikata hamu ya viraka. Kwenye magari mengi ya aina hii, ukiinyanyua swichi ile gari likiwa kwenye mwendo na ukaishikilia, kompyuta inalichukulia kama ombi la dharura na kulisimamisha gari kwa breki za magurudumu yote, kwa muda wote unaoendelea kushika. Hiyo ndiyo akiba yako siku pedali itakapokuangusha. Mimi nilikuwa naendesha na akiba ambayo siku ningeihitaji ningekuta neno "batili".

Basi nikanunua swichi. Na nikanunua isiyo yake. Umbo lilikuwa lile lile, plagi ile ile, hata alama ya P ile ile, lakini langu lina kitufe cha pili pembeni, kile cha kushikilia gari kwenye foleni bila kukanyaga breki, na ile niliyoleta ilikuwa na plastiki tupu mahali pake. Ningetazama namba ya kipuri iliyochapwa mgongoni mwa swichi ya zamani ningeona kwamba herufi ya mwisho inatofautiana. Nilikuwa nimelinganisha picha badala ya namba. Ikarudishwa, ikaja ya pili, namba zikalingana hadi herufi ya mwisho. Niliamua mapema kutochukua iliyotumika. Swichi iliyotoka gari lingine inakuja na historia ya vikombe vya mtu mwingine.

Kazi yenyewe niliomba niifanye mwenyewe, nyumbani. Mzee alikubali kwa sharti moja: mahali tambarare kabisa, na breki iwe imeachia kabla ya kuanza, si imebana. Ikibana halafu swichi mpya ikagoma, utabaki na gari lisilosogea, na njia za kuliokoa ni mashine ya kutoa amri au kufungua mota kwenye kalipa na kuzungusha skrubu kwa mkono. Ikiwa imeachia, ubaya mkubwa ni gari kutaka kutembea, na hilo linazuiwa kwa gia ya P na vigingi mbele na nyuma ya magurudumu. Nikaweka vigingi vinne, hofu ikiwa kubwa kuliko haja.

Nilizima kila kitu, nikashusha kioo cha dereva kwanza ili nisije nikajifungia nje umeme ukikatika, nikasubiri kompyuta za gari zilale, kisha nikafungua kichwa hasi cha betri. Mifuko ya hewa nayo ina waya zake maeneo yale ya katikati, kwa hiyo nilisubiri dakika kadhaa zaidi kabla ya kugusa chochote.

Paneli ya katikati imeshikwa na klipu nyingi na skrubu chache, na skrubu zenyewe zimefichwa. Mbili zilikuwa chini ya kitambaa cha mpira ndani ya kishikio cha kikombe. Nilihangaika kuvuta plastiki kwa dakika ishirini kabla ya kukinyanyua kile kitambaa. Kama kitu hakitaki kutoka, usiongeze nguvu, kitafute kilichokishika. Tumia pia kibanuo cha plastiki. Mimi nilitumia bisibisi niliyoifunga utepe, na kovu lake lipo hadi leo pembeni mwa gia, linanitazama kila ninapoendesha. Asubuhi ile ilikuwa baridi, na plastiki yenye baridi huvunjika badala ya kupinda. Ningeliacha gari juani saa moja ningeokoa klipu.

Plagi ya swichi ina kifungo kidogo cha kubana. Unakisukuma ndani kwanza kidogo, unakibonyeza, ndipo unavuta, na unavuta mwili wa plagi, si nyaya. Nikaitoa, nikatazama pini moja moja kwa tochi kama kuna iliyopinda au yenye kijani. Zote zilikuwa safi. Uchafu uliishia kwenye swichi. Nikaingiza mpya, nikachomeka, nikarudisha paneli, skrubu, kitambaa cha mpira, kila kitu. Nikafunga betri. Nikawasha swichi ya gari bila kuwasha injini.

Taa ya njano ikawaka.

Sitaficha, maneno niliyoyasema kuhusu kiwanda kilichotengeneza swichi ile hayafai kuandikwa. Nilikaa kwenye kiti nikiwa na hakika kwamba nimeuziwa mbovu. Nikampigia mzee simu. Akaniuliza swali moja.

"Uliisikia ikilia?"

"Nini?"

"Plagi. Ilipoingia, ililia tak?"

Nikajaribu kukumbuka. Sikukumbuka tak yoyote.

Nikatoa betri tena, nikasubiri tena, nikafungua skrubu zote tena. Safari hii klipu moja ikavunjika na kurukia chini ya kiti ambako ipo mpaka sasa. Plagi ilikuwa imeingia nusu. Ukiitazama kwa juu ilionekana imekaa. Ukiigusa kwa ukucha pembeni unahisi mwanya mwembamba kama unene wa kadi. Nikaisukuma kwa kidole gumba hadi ikalia. Tak. Sauti ndogo sana, lakini baada ya wiki zote zile ningeitambua hata kwenye gulio.

Sikurudisha paneli. Swichi ikiwa inaning'inia kwa nyaya zake, nikafunga betri, nikakaa, mguu kwenye breki, nikanyanyua. Zziiit. Nikabonyeza. Zziiit. Taa ya njano ilikuwa bado ipo, kwa sababu kompyuta ilikuwa imehifadhi malalamiko ya zamani, pamoja na mapya niliyoyaongeza mwenyewe kwa kuwasha gari plagi ikiwa nusu. Nikafuta misimbo kwa kisomeo kidogo nilichoazima, nikabana na kuachia mara kadhaa kama kitabu cha gari langu kinavyotaka, ikazimika. Magari mengine hayahitaji hata hilo na mengine yanahitaji zaidi, kwa hiyo kitabu kwanza. Wala usichanganye na ile hali ya matengenezo inayotumika wakati wa kubadilisha pedi za nyuma, pale ambapo kompyuta inarudisha skrubu nyuma ili pistoni iweze kusukumwa. Kwa swichi haihusiki.

Kwa kukatwa betri, vioo vilisahau kupanda vyenyewe kwa mguso mmoja, ikabidi nivipandishe hadi juu na kushikilia kitufe kila kimoja. Saa ikarudi sifuri.

Jaribio la mwisho nililifanya mwanzoni mwa ule mteremko wa usiku wa kwanza, safari hii mchana, hakuna mtu wala gari chini yangu. Nilisimama kwa pedali, nikaweka gia huru, si P, maana kwenye P usingejua ni nani anayelishika gari. Nikanyanyua swichi. Nikaachia pedali polepole mno, kama anayeshusha mtoto aliyelala kitandani, mguu ukibaki juu yake tu bila kugusa. Gari likazama kidogo nyuma kwenye springi zake, likatulia. Nikahesabu hadi sitini.

Swichi ya zamani nilimpelekea mzee, kwa kuwa aliiomba awaonyeshe vijana wanaojifunza kwake jinsi sukari inavyokula shaba. Mbele ya karakana yake kuna kilima kidogo. Nikaegesha hapo makusudi. Alikuwa ameinama ndani ya boneti ya gari lingine, hakuinua kichwa, lakini niliona mkono wenye spana umesimama hewani aliposikia nikinyanyua swichi.

"Zote mbili," akasema, akaendelea na kazi yake.